Turufu ya Kioo

Watu wa pwani wanapoketi barazani baada ya alasiri na karata zikaanza kuchanganywa, huwa wanasema Kireno bila ya kujijua. Kopa, uru, shupaza na pao ni maneno yaliyoshuka kutoka merikebuni. Kwa Wareno yalikuwa vikombe, dhahabu, panga na magongo. Turufu nayo ni ya asili hiyohiyo. Wareno walifika mwaka 1498, wakang'olewa Ngome ya Yesu mwaka 1698 (ukiacha ule mrejeo wao wa muda mfupi miaka thelathini baadaye), na hakuna aliyehitaji darasa ili ayajue majina ya karata zao. Mchezo wenyewe ulitosha kuwa mwalimu. Anayetaka kucheza hujifunza jina la kile kinachochezwa, na anayetaka kushinda hujifunza upesi zaidi. Mizinga ilinyamaza, karata zikabaki. Leo turufu iko vinywani mwa wanasiasa, makocha wa mpira na wasuluhishi wa ndoa, ambao wengine wao hawajapata kushika karata maishani mwao.

Jambo la namna hiyo limetokea tena, katika zama ambazo wengi wa wasomaji wa leo wamezishuhudia. Kuanzia miaka ya 1970 hadi kumalizika kwa karne ya 20, vijana wa Ufini na Uswidi, wa Brazili na Poland, wa Thailand na kwingineko, waliokota maneno na misemo ya Kiingereza cha kila siku mbele ya mashine za michezo ya video, wengine kabla hawajafika kwa mwalimu wa somo hilo na wengine bila ya kumfikia kabisa. Wazee waliona upotevu wa sarafu, na malalamiko yao hayakukosa ukweli. Lakini historia ya maneno hayo ina jambo ambalo halikutarajiwa na wazee wala vijana: sehemu kubwa ya Kiingereza hicho iliandikwa na watu ambao wenyewe walikuwa wakijifunza Kiingereza. Mwanafunzi alikuwa akifundishwa na mwanafunzi mwenziwe, na baina yao palikuwa na kioo na bahari.

Mwaka 1972, katika baa iitwayo Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California, kampuni changa ya Atari iliweka sanduku lenye kioo cha televisheni, vifundo viwili na tundu la kutilia sarafu. Mchezo uliitwa Pong, nao uliundwa na mhandisi Allan Alcorn: vijiti viwili vya mwanga vikirushiana nukta ya mwanga, kama wachezao mpira wa meza. Baada ya muda mfupi mashine iliharibika, na Alcorn alipoifungua akakuta kwamba sarafu zimejaa mpaka zimezuia mtambo usifanye kazi. Maelekezo ya mchezo huo yamebakia mashuhuri kwa ufupi wake: “Avoid missing ball for high score.” Epuka kuukosa mpira upate alama nyingi. Mwalimu wa sarufi angeona mara moja kwamba kijineno “the” hakimo kabla ya mpira. Angeona pia, kama ni mwadilifu, kwamba sentensi hiyo imebeba kanuni inayowatoa jasho wanafunzi wengi, yaani kitenzi “avoid” hufuatwa na jina la kitendo lenye kiishio “-ing”. Mlevi wa Sunnyvale hakuwa na haja ya kanuni hiyo. Mwenye haja nayo alikuwa mbali, na ilimfikia.

Kabla ya vioo kulikuwa na pinboli, ile mashine ya gololi ya chuma inayorushwa juu ya ubao ulioinama. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Harry Williams alitia ndani yake kifaa cha kuwakomesha waliozoea kuinyanyua na kuitikisa ili gololi ipite watakapo. Mashine ikitikiswa kupita kiasi, huwaka neno “tilt”, na mchezo hukatika. Neno lenyewe maana yake ni kuinama au kwenda upande tu, lakini wacheza kamari wa poka walilichukua wakalifanya msemo: mtu aliye “on tilt” ni yule aliyepoteza, akapandwa na hasira, na sasa anaweka fedha bila ya akili. Mji wa New York ulipiga pinboli marufuku mwaka 1942, ukaja kuiruhusu mwaka 1976, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini neno hilo lilikuwa na harufu ya magendo katika mji uleule unaojiona kuwa kitovu cha kila kitu.

Ni pinboli pia iliyowasha maneno “game over” kabla ya michezo ya vioo kuzaliwa. Mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba “over” ni “juu ya”, na kwamba kila sentensi ya Kiingereza sharti iwe na kitenzi, angesimama mbele ya maneno hayo mawili akiwa na mashaka: hapana kitenzi, na hapana kilicho juu ya kingine. Ila mashaka hayo hayakudumu, kwani sarafu ilikuwa imekwenda na kioo hakimsikii tena. Maana ilimfikia kwa njia ya mkono mtupu. Maneno mengine yalikuja kwa njia hiyohiyo. “Insert coin” ilimfundisha kitenzi rasmi ambacho kwa kawaida angekutana nacho miaka mingi baadaye katika karatasi za ofisini. “Continue?” ilimfundisha neno moja pamoja na hesabu ya kushuka, tisa, nane, saba, huku akipapasa mifuko. “1UP” hapo mwanzo ilikuwa alama tu ya mchezaji wa kwanza na zamu yake. Tangu Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na ule uyoga wake wa kijani, ikawa maana yake ni uhai wa ziada.

Uhai huo nao una mambo yake. Kwa Kiingereza mchezaji ana “three lives”, na mtoto hujifunza palepale kwamba “life” katika wingi hubadilisha “f” ikawa “v”. Kiswahili hakihesabu kitu hicho. Uhai hauna wingi, na maisha umoja wake haujulikani. Anayetaka kuhesabu hukimbilia roho, kama inavyosemwa kwamba fulani ana roho ya paka, na hapo ndipo lugha mbili hukutana, maana Kiingereza nacho humpa paka maisha tisa. Mchezo haukuvumbua fikra hiyo. Uliitia katika hesabu na kuiandika pembeni mwa kioo.

Mashine zilizoieneza lugha hii duniani kote zilitoka Japani. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitoa Space Invaders, mchezo ulioweka juu ya kioo alama ya juu kabisa iliyowahi kupatikana, ili kila ajaye aione na kuitamani. “High score” ikawa miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kiingereza kwa vijana wasiohesabika. Mwaka 1980 ikafuata kazi ya Toru Iwatani wa kampuni ya Namco. Kwao iliitwa Puck Man, kutokana na “paku paku”, mlio wa mdomo unaofunguka na kufumba katika kula. Wamarekani walipoipokea waliogopa kwamba wahuni wangekwaruza herufi ya kwanza ikasomeka tusi, wakaiita Pac-Man. Kwa hiyo jina hilo maarufu, ambalo wengi hudhani ni la Kiingereza, ni mlio wa Kijapani uliorekebishwa kwa hofu ya msumari wa mhuni.

Mwaka uliofuata Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alitafuta jina la sokwe mkaidi. Kong alilijua kuwa ni nyani mkubwa. Kwa upande wa ukaidi alitwaa neno “donkey”, kwani alifahamu kwamba punda kwa Waingereza ni mfano wa ukaidi na upumbavu. Watu wa Marekani walishangaa: punda yuko wapi katika mchezo huu? Miyamoto hakuwa amekosea sana. Kuwa mkaidi kama punda ni usemi wa Kiingereza usio na shaka. Alichokosa ni kujua mpaka baina ya tamathali na jina, mpaka ambao haumo katika kamusi yoyote. Msomaji wa Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa mji, huenda akaona kwamba aliyedhulumiwa hasa ni mnyama. Hata hivyo Donkey Kong ilishinda, na wasemaji wa Kiingereza wakalizoea jina ambalo hakuna hata mmoja wao angelitunga.

Kwa nini Wajapani waliandika Kiingereza, hata katika michezo waliyowauzia Wajapani wenzao? Sababu mojawapo ni uchache wa nafasi. Kumbukumbu ya mashine hizo ilikuwa ndogo mno, na kila herufi ilichorwa ndani ya mraba wa nukta nane kwa nane. Herufi kubwa 26 za Kilatini huingia humo bila ya taabu. Maelfu ya alama za maandishi ya Kijapani hayaingii, na nyingi kati yake hazisomeki katika mraba mdogo kiasi hicho. Ndiyo maana Kiingereza cha mashine kilikuwa cha herufi kubwa tupu na kifupi kama simu ya maandishi ya posta, kila neno likilipiwa. Mtu anayeandika chini ya sharti hilo huondoa kila kinachoweza kuondoka, na mwanafunzi aliyeko upande wa pili hupata mfupa wa lugha bila ya nyama yake.

Pale nafasi ilipoongezeka, makosa nayo yaliongezeka. Mchezo wa Pro Wrestling wa mwaka 1986 ulimpongeza mshindi kwa kumwambia “A winner is you”. Ghostbusters, katika toleo lake la mashine ya Nintendo, ulimwandikia aliyefika mwisho “Conglaturation”, ukamsifu kuwa “prooved the justice of our culture”, kwa o mbili. Hapo matatizo ya sauti yameonekana wazi: Kijapani hakitofautishi “l” na “r”, na mwandishi aliyeandika kwa sikio aliziweka kila moja mahali pa mwenzake. Wapo Waswahili wa bara wanaochekwa pwani kwa jambo hilohilo, nao huwacheka wa pwani kwa mengine.

Mashuhuri kuliko yote ni mchezo wa Zero Wing wa kampuni ya Toaplan, uliotoka mwaka 1989. Toleo lake la mashine ya Mega Drive lilitafsiriwa kwa ajili ya Ulaya mwaka 1992, na ndani yake adui anajigamba: “All your base are belong to us.” Kwa Kijapani alikuwa akisema kwamba vituo vyote vimekwisha kutekwa. Katika Kiingereza hicho vitenzi viwili vimepandana, umoja umegombana na wingi, na bado hakuna asiyefahamu. Karibu na mwaka 2001 sentensi hiyo ilienea katika intaneti kama moto wa makuti, ikabandikwa juu ya picha za majengo na mabango ya barabarani, na wasemaji wa Kiingereza kwa mamilioni wakaishika kwa moyo wakati hawakumbuki hata sentensi moja sahihi ya mchezo wa miaka hiyohiyo.

Kicheko hicho kina pande mbili. Aliyezaliwa na Kiingereza alicheka kwa raha, na aghalabu hangeweza kuandika mstari mmoja wa Kijapani, wa kosa au wa sawa. Lakini kijana wa Bangkok au wa São Paulo hakuwa na uwezo wa kucheka. Yeye alilichukulia kila neno la kiooni kuwa ndilo Kiingereza chenyewe. Kama aliandika “prooved” katika mtihani, alikatwa alama kwa kosa ambalo hakulitunga, wala aliyelitunga hakupata kujua. Hii ndiyo hasara ya kusoma kwa mwanafunzi mwenzako, nayo haifutiki kwa mzaha.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha jinsi neno linavyoweza kusafiri mpaka likapotewa na nyumbani kwao. Katika Zelda II ya mwaka 1987 mchezaji humkuta mtu katika nyumba akimwambia tu “I am Error.” Kwa miaka mingi watu walishikilia kuwa ni kosa la tafsiri. Kumbe halikuwa kosa. Watungaji walikuwa wamefanya utani wa mafundi wa kompyuta: mtu mmoja aitwe Error, yaani kosa, na mwenziwe aitwe Bug, yaani mdudu, jina ambalo mafundi huliita hitilafu ya programu. Lakini “bug” lilipoingia Japani lilitamkwa “bagu”, na mfasiri aliyelirejesha katika Kiingereza hakulitambua, akaliacha likiwa Bagu. Utani ukafa, kosa likabaki peke yake nyumbani. Asiyeamini kwamba neno linaweza kusahauliwa na wazazi wake na alimpeleke Mwingereza kwenye kipilefti, amwambie kwamba hilo ni neno lake la kuamrisha magari yashike kushoto, kisha amwonyeshe na vipilefti viwili.

Balaa la tafsiri lilipata kuzaa hata mtu. Katika Street Fighter II, mchezo wa kampuni ya Capcom wa mwaka 1991, mpiganaji Ryu humwambia aliyemshinda kwamba ni lazima amshinde Sheng Long “to stand a chance”. Kwa Kijapani alikuwa akitaja pigo lake mwenyewe, ngumi ya joka linalopaa. Mfasiri alilisoma jina la pigo kwa matamshi ya Kichina na kulifanya jina la mtu. Vijana wa nchi nyingi wakaanza kumtafuta Sheng Long. Mwezi Aprili 1992 gazeti la Marekani la Electronic Gaming Monthly, kwa mzaha wa siku ya wajinga, lilichapisha masharti magumu ya kumfikia, na wasomaji wakakesha wakiyatimiza. Hakuwepo. Kilichokuwepo, na ambacho aliyekesha aliamka nacho, ni msemo “to stand a chance”, kuwa na tumaini la kufaulu. Ukiutafsiri neno kwa neno unapata mtu aliyesimama na bahati, jambo lisilo na maana; ni katika kushindwa mara kwa mara ndipo maana yake inapokaa. Mtu wa uongo aliufundisha msemo wa kweli.

Mashine nyingine zilisema kwa sauti. Berzerk ya mwaka 1980, kazi ya Alan McNeil katika kampuni ya Stern, ilikuwa na maneno kama 30 yaliyosemwa na sauti ya chuma, kwa kuwa kulitia neno moja katika kumbukumbu kuligharimu fedha nyingi. Mashine ikikaa bila mchezaji iliita wapitao, ikidai imegundua sarafu mifukoni mwao. Mchezaji akikimbia chumba bila ya kumaliza maadui, ilimtukana: “Chicken, fight like a robot!” Shuleni “chicken” ni kuku, pichani yuko na mayai yake. Hapa ni mwoga. Mtoto wa Kiswahili angepata taabu zaidi, kwani kwao ndege wa woga ni kunguru, tena kunguru yule hukimbiza ubawa wake na watu wakamwona ana busara. Kiingereza kimemfanya kuku mwoga na hakikumwachia udhuru wowote. Mortal Kombat, ya Chicago, ilikuja mwaka 1992 na “flawless victory”, ushindi usio na dosari, na kwa sauti hiyo neno adimu la mabingwa wa vito likawa la watoto wa miaka kumi. Mchezo huo uliandikwa na wenye Kiingereza chao, na kwa makusudi wakaandika jina lake kwa “k” pasipostahili. Hakuna aliyewaita wajinga.

Wapenda ushairi, hata hivyo, wangeridhika zaidi na mchezo usio na ngumi. Tangu mwaka 1977, wanafunzi wa chuo cha MIT walipoanza kutunga Zork, kulikuwa na michezo ya maneno matupu: kioo huandika kwamba uko mbele ya nyumba nyeupe, nawe huandika utakalo. Ukikosea herufi moja, mashine hujibu kwamba haifahamu. Hapana mwalimu mkali zaidi, wala mwenye subira zaidi. Kisha ikaja The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Ron Gilbert. Chini ya kioo chake vimepangwa vitenzi kumi na viwili, na mchezaji hana njia ya kufanya lolote duniani humo ila kwa vitenzi hivyo. Vingi ni vile vya Kiingereza vinavyowashinda wageni, vyenye mkia: “pick up”, “look at”, “turn on”, “turn off”. Kiswahili humaliza kazi hiyo ndani ya neno moja. Huokota, hutazama, huwasha, huzima. Kiingereza hugeuza kitu, kisha kikaamua kwa kijineno kidogo kama kimekiwasha au kimekizima. Kanuni yake haipo, na kitabu kinachojaribu kuieleza huchosha. Mchezaji alibonyeza “pick up” mara mia mbili, akaizoea kama mtu azoeavyo mlango wa nyumba yake.

Katika kisiwa cha mchezo huo kijana Guybrush anataka kuwa haramia, na anaambiwa kwamba mshindi wa panga si mwenye mkono bali ni mwenye ulimi. Mahasimu husimama njiani na kutupiana matusi; anayekosa jibu hurudi nyuma hatua moja, hatua mbili, mpaka upanga umtoke. Mmoja husema: “You fight like a dairy farmer.” Unapigana kama mfuga ng'ombe wa maziwa. Asiyejua jibu hushindwa, lakini tusi analiondoka nalo, akamtupie mwingine, na akisikia kwa huyo mwingine jibu linalostahili, analitia mfukoni: “How appropriate. You fight like a cow.” Ndiyo yafaa hasa, kwani nawe wapigana kama ng'ombe. Hapana anayefunzwa kwa kuelezwa. Hufunzwa kwa kushindwa.

Wanaojua malumbano ya mashairi ya pwani, na jinsi Kamange na Sarahani walivyojibizana kule Pemba, hawatahitaji kuelezwa uzuri wa mpango huo. Uzuri wake mkubwa uko mwishoni. Kijana anapomkabili bingwa wa kisiwa, mwanamke, matusi ya bingwa huyo ni mapya kabisa, hajapata kuyasikia. Anaapa kwamba atamkamua kila tone la damu mwilini. Guybrush hana jibu jipya. Ana yale ya zamani tu. Ni lazima atambue kwamba katika tusi hili mna kitenzi “milk”, kukamua, na kwamba jibu la ng'ombe, lililofaa kule kwa mfugaji, linafaa hapa pia. Mshairi anayepokea kina alichotegewa na mwenziwe hufanya kazi iyohiyo: huingia ghalani kwake na kutazama lipi lililomo litakaa. Matusi hayo yalipigwa msasa kwa msaada wa mwandishi wa riwaya Orson Scott Card, na kwa wanafunzi wa Kiingereza wa miaka ile ni shaka kama kuna kitabu cha shule kilichowafunza kejeli vizuri kuliko hivyo.

Wataalamu wamekuja baadaye kuthibitisha waliyokuwa wakiyajua wachezaji. Mwaka 2009 Arja Piirainen-Marsh na Liisa Tainio wa Ufini walichapisha uchunguzi wao juu ya vijana wakicheza Final Fantasy X nyumbani. Waliwaona wakirudia maneno ya wahusika, wakiiga sauti zao, wakiyatanguliza kabla hayajasemwa, kama wafanyavyo watoto wa chuoni wanaposoma kwa sauti pamoja na mwalimu. Mwaka 2012 Liss Kerstin Sylvén na Pia Sundqvist walionyesha kwamba watoto wa Uswidi wa miaka 11 na 12 waliokuwa wakicheza sana walikuwa pia na msamiati mpana zaidi wa Kiingereza. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuuliza kipi kilitangulia, mchezo au Kiingereza, maana aliye na maneno hufurahia mchezo na akacheza zaidi. Lakini swali hilohilo huulizwa juu ya wasomaji wa vitabu, na hakuna aliyevifungia vitabu kwa ajili yake.

Upungufu mkubwa wa shule hiyo uko kwingine. Kiingereza chake ni cha amri: kimbia, piga, fungua, mmalize. Tafadhali ni nadra, samahani ni nadra zaidi, na hapana namna ya kumwamkia mkubwa. Kijana anaweza kutoka humo akijua kuliamuru jeshi zima lakini hajui kumwomba mtu ampishe njiani. Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo upungufu huo huonekana mara moja. Mwingereza huenda asiuone, kwa vile lugha yake nayo ilikuwa ikibadilika kuelekea hukohuko.

Maana maneno hayo hayakubakia kwa wageni. Mwaka 1986, katika filamu ya Aliens, askari aliyekata tamaa anapiga kelele “game over”, na msemo ukawa wa kila mtu aliyeona mambo yameharibika. “Level up” una historia ya kupindapinda. Kuinua hatua na kuhesabu uzoefu kwa alama kulitokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi na dadu wa Gary Gygax na Dave Arneson, wa mwaka 1974. Wajapani, wanaopenda kubandika “up” mwishoni mwa neno, wana “reberu appu” yao kwa kila kinachopanda ubora, na katika Dragon Quest ya mwaka 1986 na michezo iliyoifuata kupanda hatua ndiko kulikokuwa maisha yote ya mchezaji. Katika Kiingereza cha karne ya 19 maneno hayohayo yalikuwa na maana ya kusawazisha kwa kumpandisha wa chini. Serikali ya Uingereza ilipoibadilisha wizara jina mwaka 2021 na kuiita ya “Levelling Up”, bila shaka ilikusudia maana hiyo ya kale, mikoa maskini ifikie mikoa tajiri. Waliokulia mbele ya vioo walisikia kingine: mlio mfupi wa tarumbeta, na namba inayoongezeka kwa moja. Mwezi Julai 2024 serikali mpya iliyaondoa maneno hayo katika jina la wizara, na watoto wa Uingereza, kama wale wa Ufini na Japani, wakaendelea kuyatumia kwa maana ya mashine.